Meli Tuliyoikamata Bado Ina Watu

Mgeni rasmi, uliyeacha kazi zako mezani ukaja kuketi nasi. Viongozi mliofuatana naye. Wavuvi, wauza samaki na majirani zetu wa soko. Na ninyi watoto mliokatazwa kuingia mkaingia:

KARIBU UKAE

Sisi wanachama wa Kikundi cha Wachunga Bahari tunakukaribisha katika ukumbi huu wa mnada wa samaki. Tumeuosha kwa sabuni, tukaurudia kwa dawa, na harufu imekataa kutoka. Tunakuomba radhi. Baada ya muda mfupi pua yako itazoea, na watakaolalamika ni wale watakaokupokea nyumbani.

Umekuja kwa jambo jema. Umekuja kufunua picha ile iliyofunikwa kitambaa nyuma yako, na kumkabidhi mwenzetu aliyeipiga Tuzo ya Mlinzi wa Bahari. Ni picha ya meli ya uvuvi ikikokota wavu ndani ya mazalia ya samaki, yale maji mafupi ambayo sheria imezikataza meli kubwa kuyagusa. Picha hiyo ndiyo iliyofanya meli ikamatwe. Ukigeuza shingo kidogo kushoto, kwenye dirisha la mwisho, utaiona meli yenyewe. Hiyo haina haja ya kufunuliwa. Imetia nanga palepale, mwaka wa pili sasa, na ina watu ndani yake.

Tunajua risala huanza na furaha, na kweli tumefurahi kukuona. Ila furaha yetu imechanganyika na majuto, na tumejaribu kuvitenganisha tukashindwa. Kwa hiyo tunakusomea vyote kwa pamoja, na tunakuomba uvumilivu wako.

TULIKOTOKA

Kikundi hiki hakikuanzishwa na wasomi wa bahari. Kilianzishwa na akina mama wauza samaki walioona ndoo zao zinazidi kuwa nyepesi, na washona nyavu ambao kila msimu waliombwa kushona matundu madogo zaidi. Asubuhi nyingine tulikuta ufukweni vifaranga vya samaki vimetupwa na maji, vimekufa, vidogo kama ukucha. Wavu wa kukokota hauchagui. Unazoa vyote, na visivyouzika vinarudishwa baharini vikiwa maiti.

Tulipokwenda kulalamika tuliulizwa ushahidi. Tukasema tumeona kwa macho. Tukaambiwa macho hayafunguliwi jalada. Ndipo tukamkumbuka Dada Studio.

Mgeni rasmi, huyu ndiye mwenzetu uliyekuja kumtuza, na hapa mtaani hakuna anayemwita kwa jina lingine. Ana chumba kimoja kando ya duka la dawa, kina pazia jeupe, stuli inayotikisika na kitana kilichofungwa kwa kamba ukutani ili wateja wasiondoke nacho. Kazi yake ni picha za vitambulisho. Nusu ya watu waliomo ukumbini humu wamewahi kukalia stuli ile na kuambiwa wanyanyue kidevu na waache kununa. Harusi pia alipiga, lakini alisema maharusi wanamchosha kwa sababu wanataka kuonekana watu wengine.

Dada Studio alikubali kujiunga, na akatufundisha kazi. Tulikuwa tukipanda juu ya paa la kiwanda cha barafu, yeye na kamera yake yenye lenzi ndefu aliyoikopa kisha akaing'ang'ania, mwalimu wa jiografia na ramani yake, na fundi wa majokofu mstaafu tunayemwita Mzee Friji, ambaye kazi yake ilikuwa kutuambia kwa kusikia mlio tu kama mashine ya meli inavuta mzigo au inapita bure. Dada Studio aliweka sharti. Picha haitoki mpaka iwe na vitu vitatu: namba ya meli, wavu ukiwa majini, na mnara wa taa nyuma yake, ili mtu asije akasema meli ilikuwa kwingine. Kikikosekana kimoja, picha inafutwa.

Sharti hilo lilitutesa. Tukipata namba, wavu umeshapandishwa. Tukipata wavu, mnara umefichwa na ukungu. Meli zilizima kile kifaa kinachoonyesha zilipo, zikaingia na kutoka, na sisi tukabaki juu ya paa tunalaumiana. Kuna wakati tulitaka tulegeze sharti, viwe vitu viwili tu. Dada Studio akasema tukimsingizia mtu mmoja hatutaaminiwa tena hata tukisema jua limechomoza. Tukamwona ana kichwa kigumu. Alikuwa sahihi.

MAFANIKIO YETU, NA KEKI

Hapa, mgeni rasmi, inabidi tumseme mwenzetu mbele za watu. Tumepata ruhusa yake. Tulimsomea rasimu ya risala hii, akasema: "Semeni yote. Nimechoka kupongezwa."

Dada Studio ana mdogo wake wa kiume, kitinda mimba wa mama yao. Mama alipofariki, yeye ndiye aliyemlea, akamsomesha ufundi wa mitambo kwa hizo hizo picha za vitambulisho. Yule kijana alipopata kazi melini, picha ya kitabu chake cha ubaharia ilipigwa na dada yake. Wengine walimwita Fundi. Dada yake hadi leo anamwita Kitinda.

Kitinda alikuwa fundi mitambo wa meli ile unayoiona dirishani.

Akirudi likizo alikuwa akila kwa dada yake, na mezani ndipo alipoanza kusimulia. Kwamba wakifika karibu na mazalia nahodha anaamuru kifaa kizimwe. Kwamba wanatupa vifaranga kwa mapauro, na mpishi wa meli, mtu mzima mwenye wajukuu, aligeuka akatazama upande mwingine. Kwamba yeye amesomeshwa kwa samaki wa bahari hii na anaona aibu. Dada yake akamwomba awe anamwambia siku. Akakubali, lakini naye aliweka sharti lake, moja tu. Alisema: "Siku mtakayotukamata, Dada, hakikisha mimi niko nchi kavu."

Dada Studio alimwahidi. Walipanga kwamba safari atakayopumzika, akaingia fundi mwingine wa zamu, ndiyo atakayotutajia. Sisi hatukuyajua haya wakati ule. Tulichojua ni kwamba mwenzetu ameanza kuwa na bahati ya kujua lini tupande paani, na tulimtania kwamba amekula kiapo na samaki.

Siku ile alikuwa studio anakata picha za wanafunzi kwa mkasi, nne nne, ujumbe ukaingia kwenye simu. Kitinda alikuwa ameandika kwamba kesho asubuhi watapita na wavu, lakini fundi wa zamu ameugua, na yeye mwenyewe yumo, kwa hiyo wawaache wapite, wasubiri safari nyingine.

Dada Studio aliusoma, akaendelea kukata. Ametueleza baadaye alichowaza, na tunakieleza kama alivyokieleza. Aliwaza kwamba ulikuwa msimu wa samaki kutaga na safari nyingine wangekuta hakuna cha kuokoa. Aliwaza miezi yote tuliyorudi mikono mitupu. Aliwaza kwamba meli ikikamatwa mwenye mali atatozwa faini, mabaharia watahojiwa, na baada ya wiki hivi kila mtu atarudi kwao. Kitinda atanuna kidogo, atampikia, yataisha. Mgeni rasmi, hilo la mwisho hata sisi tungewaza vivyo hivyo. Sote tuliamini kwamba kukamata meli ni kumkamata mwenye meli. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza ni nani anabaki ndani yake.

Kulipokucha alitwambia tu, "Leo kuna kitu." Tukapanda. Ukungu ulikuwa umeondoka, bahari imetulia. Meli ikaja, wavu ukashuka, mnara ukawa nyuma yake kama uliopangwa. Alipiga picha moja, akaitazama, akapiga ya pili kwa usalama, akafunga kamera. Sisi tulikuwa tunakumbatiana. Yeye aliuliza kama kuna mwenye maji ya kunywa.

Kilichofuata unakifahamu, kwa sababu ulikuwemo. Boti za doria zilitoka, meli ikaletwa, magazeti yakaandika. Uliongea kwenye taarifa ya habari ukasema mwizi amekamatwa, na sisi tuliokuwa mbele ya runinga ya kiwanda cha barafu tukapiga makofi hadi mlinzi akaja kuuliza kuna nini. Jumapili yake tulikata keki. Mke wa mwalimu aliichora meli juu yake kwa sukari ya rangi, na namba yake, na kijichumba cha nyuma, na bomba la moshi. Tuliigawana. Mzee Friji alipewa bomba, akafurahi. Dada Studio alipewa kile kijichumba cha nyuma, kile wanamolala mafundi. Alikifunika kwa kitambaa cha karatasi akasema atakula baadaye. Hatukuelewa, na tulimwambia anaringa.

Hatuwezi kuacha kutaja mafanikio mengine, kwa kuwa ni ya kweli. Vifaranga vilivyokufa haviji tena ufukweni. Wavuvi wa mitumbwi wameanza kuona samaki waliokuwa wamewasahau, na akina mama wanasema ndoo imerudi kuwa ndoo. Watoto wanafundishwa habari zetu darasani. Tunayasema haya kwa shukrani, na tungeyasema kwa sauti kubwa zaidi kama dirisha lile lingekuwa na pazia.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, rasimu ya risala hii tuliipeleka ofisini kwako kama tulivyoelekezwa. Sehemu hii ilirudi imepigwa mstari, na pembeni pameandikwa kwamba si mahali pake. Tulikaa kikao. Tumeona kama si mbele yako, hatujui mahali pake ni wapi.

Mwenye meli hakutokea. Barua zilikwenda kwenye anwani yake zikarudi, na aliyetumwa kuitafuta ofisi yake alikuta saluni. Nahodha alikuwa na wakili, akashuka. Waliobaki ni mabaharia saba, wengine wametoka mbali sana na hawana ndugu hata mmoja huku. Vitabu vyao vimeshikiliwa. Kesi inaahirishwa kwa sababu mshtakiwa hayupo. Meli haiwezi kuuzwa kwa sababu ni kielelezo. Haiwezi kufungwa gatini kwa sababu hakuna anayeilipia nafasi. Na haiwezi kuachwa tupu kwa sababu sheria inataka iwe na mabaharia wa kuitunza. Kwa hiyo wale saba wamekuwa sehemu ya kielelezo. Mmoja wao amepata mtoto ambaye hajamwona. Mwingine baba yake amezikwa, akaambiwa kwa simu, akaenda kusimama peke yake kwenye sitaha ya mbele mpaka mpishi alipokwenda kumchukua.

Mwizi uliyemsema kwenye runinga hakuwahi kukanyaga sitaha ile. Tunasikia ana kampuni nyingine sasa, na meli nyingine.

Kitinda ni mtu wa hapa, nyumba yao inaonekana kutoka alipo. Ungetarajia yeye awe wa kwanza kushuka. Yeye ndiye asiyeweza kabisa. Meli inavuja chini upande wa nyuma, na ni yeye peke yake anayejua kuziendesha zile pampu chakavu na jenereta inayozipa umeme. Akiondoka leo, pampu zitasimama, meli italala upande, na mafuta yaliyomo yatamwagika ndani ya mazalia yale yale tuliyoyapigania. Ofisi ya bandari imetueleza hivyo, na tumekosa la kubisha. Kijana yule anailinda bahari kuliko sisi sote, na anailinda kwa sababu amefungiwa.

Maji ya kunywa yalipowaishia ndipo sisi tulipoanza kuwapelekea. Walioikamata meli ndio wanaoilisha, na mtu akitucheka hatumlaumu. Tunakwenda na boti ya wauza samaki, tunabeba madumu, dizeli, mboga, sabuni. Safari ya kwanza Dada Studio alikuja. Alikuwa amepika, sufuria ameifunga kwa kitambaa na kuipakata. Ni siku hiyo tulipojua.

Kitinda aliinama kwenye ukingo wa sitaha akateremsha kamba. Alikuwa amekonda na ndevu zimemjaa. Hakusalimia. Aliuliza, "Dada, ujumbe wangu ulifika?"

"Ulifika."

"Kabla au baada?"

Dada Studio angeweza kusema baada. Mtandao huwa unachelewa, kila mtu anajua, na hakuna ambaye angemsuta. Alisema, "Kabla."

Kitinda akashika kamba. Akavuta dumu la kwanza, la pili, yote, akiyapokea na kuyapanga bila haraka. Ilipofika zamu ya sufuria aliipandisha hadi usawa wa mikono yake, akaitazama, akairudisha chini taratibu isimwagike. Alisema, "Maji ni ya wote. Hiki ni changu, na mimi sikitaki."

Tukageuza boti. Katikati ya njia Dada Studio alifungua sufuria akaanza kula, na sisi tukaangalia pembeni. Tangu hapo kila safari anapika, kila safari sufuria inarudi, na kila safari anakila chakula kile mwenyewe, botini, mpaka kinaisha. Tulimwambia aache kujitesa. Akasema hajitesi, anaona vibaya kumwaga chakula. Studio siku hizi hafungui mpaka mchana, na wateja wanasema hawaambii tena wanyanyue kidevu.

Wenzake Kitinda melini wanajua. Aliwaambia mwenyewe kwamba ndiye aliyetoa siri, na jinsi ilivyokuwa. Hawakumgusa. Mpishi alituambia kwamba kwa muda fulani walikuwa wakimpa sahani yake wa mwisho, kisha wakaona hata huko ni kupoteza nguvu, kwa kuwa usiku yeye ndiye anayeamka kutazama pampu wakati wao wamelala.

Kuna changamoto nyingine ambayo hatujawahi kuiandika popote. Msimu uliopita meli mbili zilipita kwenye mazalia na wavu majini. Tulikuwa paani. Kamera ilikuwepo, mnara ulionekana, namba ilisomeka hata bila lenzi. Dada Studio aliweka jicho kwenye kamera akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akaitoa shingoni akampa mwalimu. Mwalimu akaitazama, akampa Mzee Friji, na Mzee Friji akasema yeye mikono yake ni ya spana. Tukaziangalia zikipita. Kwenye sitaha ya ile ya pili kulikuwa na mtu anaanika nguo.

Hatujagoma, mgeni rasmi, na tusieleweke hivyo. Bado tunawachukia wezi wa samaki. Ni kwamba mkono umekataa. Kila mmoja wetu anajiuliza ni nani atakayekuwa akipandishiwa madumu kwa kamba baada ya sisi kula keki.

MAOMBI

Ofisi yako ilitushauri tuombe darubini, makoti ya mvua na fulana zenye nembo. Tunashukuru kwa ushauri huo, na vikija tutavipokea, hatuna kiburi. Lakini darubini tutaitumia kuona nini zaidi ya tunachokiona kwa macho kupitia dirisha lile?

Tunaomba kwanza saini yako. Mzee Friji, kabla ya kuwa mtu wa majokofu, alifanya kazi miaka mingi katika chumba cha mitambo cha meli ya mizigo, na vyeti vyake vipo, vimeliwa na mende pembeni tu. Amejitolea kuchukua nafasi ya Kitinda mpaka mtu mwingine apatikane. Tumekuwa kiguu na njia kwa ajili ya jambo hili. Bandari wanasema kibali kinatoka kwako, ofisini kwako wanasema kinatoka bandarini, na tumepigwa danadana hadi Mzee Friji anasema atakufa akiwa bado mwombaji wa kazi. Karatasi tunayo hapa. Ina nafasi moja tu iliyobaki wazi.

Pili, tunaomba wale sita wengine wahojiwe kama mashahidi, warudishiwe vitabu vyao na wapelekwe makwao, na meli ivutwe hadi gatini wakati sheria inaendelea kumtafuta mwenyewe. Sisi tuko tayari kuilinda kwa zamu bila malipo. Kukaa na kuitazama meli ile tumeshazoea.

Tatu, tunaomba utuahidi mbele ya watu hawa kwamba meli nyingine ikikamatwa, mabaharia watashushwa siku hiyo hiyo, na atakayetafutwa kwanza ni mwenye mali. Ukituahidi hivyo, kesho tunapanda paani. Usipotuahidi, tutakuomba usitupe tuzo tena.

Tunajua wasaidizi wako wamekuwa wakiulizana mshindi yuko wapi, kwa kuwa kiti chake cha mbele kipo wazi. Tuliwajibu yuko njiani. Hatukusema uongo, ila hatukusema njia ipi.

Dada Studio yuko melini. Alikwenda alfajiri na Mzee Friji. Hakubeba kamera, wala sufuria. Mlinzi wa bandari alimwambia hairuhusiwi kupanda, naye akamwomba amwonyeshe palipoandikwa kwamba hairuhusiwi mtu kuingia kizuizini kwa hiari yake. Mlinzi alipokuwa anafikiri, yeye alikuwa ameshafika katikati ya ngazi ya kamba, viatu amevifunga shingoni. Ana magoti mabovu, mgeni rasmi. Aliyeteremka kumshika mkono katika hatua za mwisho ni mpishi.

Kabla hujaingia humu katibu wetu alimpigia simu kumwuliza tuseme nini kuhusu tuzo. Alisema aliyekuja kumtuza amfuate huko aliko, na aje na kalamu. Mzee Friji, alisema, ameshaanza kugombana na jenereta na anaonekana ana furaha. Akasema pia kwamba hatashuka mpaka Kitinda ashuke, na kwamba hilo si tishio, ni ahadi aliyoichelewesha.

Kisha simu ikachukuliwa na mtu mwingine. Mwaka wa pili huu hatujamsikia Kitinda akisema na sisi zaidi ya "funga" na "inatosha". Sauti ilikuwa imekauka. Alisema, "Mshusheni Dada. Huku kuna baridi, na hajazoea. Mimi nimezoea."

Nyuma yake tulimsikia dada mtu akisema, "Kitinda, usijidanganye kwamba umezoea. Mshusheni yeye." Wakaendelea kubishana hivyo, kila mmoja akitaka mwenzake ndiye ashushwe, mpaka salio likaisha.

Mgeni rasmi, sisi tumeshindwa kuamua ugomvi huo. Tunauleta kwako kama ulivyo. Boti ya wauza samaki iko chini ya ngazi, imesafishwa, na ina mto wa kukalia.

Mungu akupe afya na maisha marefu, akubariki wewe na wote unaowapenda, na usiku wa leo awalaze wote nchi kavu.

Ni sisi,
Kikundi cha Wachunga Bahari.